Kilatini cha Midhurst: Habari za Mwanagenzi na Mwalimu Wake, 1881–1884

Katika Uingereza ya karne ya 19 lugha ya Kilatini ilikuwa imekwisha kufa vinywani mwa watu kwa zaidi ya miaka elfu, walakini ilikuwa hai kabisa milangoni. Mtu aliyetaka kuwa kasisi, mwanasheria, tabibu au mwanafunzi wa Oxford na Cambridge aliikuta imesimama mlangoni kama bawabu, wala hakuna aliyepita pasipo kuijua walau kidogo. Jambo hili si geni kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako mtu hakuweza kuwa kadhi wala mwanachuoni pasipo Kiarabu. Tofauti ni hii: Kiarabu kilifundishwa chuoni kwa mtoto wa tajiri na wa maskini kwa pamoja, ijapokuwa wachache tu waliendelea nacho, Kilatini cha Waingereza kilikuwa na shule zake, na shule hizo zilikuwa na watu wake.

Shule hizo ziliitwa shule za sarufi, na sarufi iliyokusudiwa haikuwa ya Kiingereza hata kidogo. Zilianzishwa kwa wakfu za wafalme, maaskofu na wafanya biashara, na masharti ya wakfu yalizibana. Mwaka 1805 wasimamizi wa shule ya sarufi ya mji wa Leeds walitaka kutumia mali ya wakfu kwa kufundisha hesabu na lugha zinazosemwa, kwa sababu mji wao ulikuwa wa biashara. Shauri lilifika mbele ya Lord Eldon, naye akaamua kuwa fedha iliyotolewa kwa ajili ya Kilatini na Kiyunani haiwezi kugeuzwa kwa ajili ya jambo jingine. Ilibidi sheria ya mwaka 1840 itungwe ndipo fundo hilo likaanza kulegea. Katika muda huo wazazi wenye vijiduka, makarani na mafundi waliwapeleka watoto wao katika shule ndogo za watu binafsi zilizojiita vyuo vya biashara. Huko mtoto alifundishwa mwandiko mzuri, kujumlisha, na kuweka daftari za hesabu. Kilatini hakikuwamo, wala mzazi hakukiuliza, maana nani aliyepata kuuza kitambaa kwa Kilatini?

Herbert George Wells, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa riwaya zake, alisoma katika chuo cha namna hiyo. Alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 katika mji wa Bromley, Kent. Baba yake, Joseph, alikuwa na duka la vyombo vya kauri lisilokuwa na faida, na riziki yake nyingine aliipata kwa kucheza kriketi kwa malipo. Mama yake, Sarah, alikuwa mtumishi wa mabibi kabla ya kuolewa. Tangu mwaka 1874 hadi 1880 kijana huyu alikuwa mwanafunzi wa Thomas Morley, mwenye chuo cha biashara pale Bromley. Mwaka ule ule wa 1874 alivunjika mguu, na alipokuwa amelala kitandani akaletewa vitabu, akaanza kusoma kwa uchu ambao haukumtoka tena. Lakini uchu wa kusoma haukuwa sehemu ya mpango wa mama. Mpango wa mama ulikuwa duka la nguo. Wanawe wakubwa wawili walikwisha kutiwa katika kazi hiyo, na wa tatu alipofika umri wa miaka 13 alipelekwa Windsor kufanya kazi kama wao.

Ni rahisi leo kumlaumu Sarah Wells, na waandishi wengi wamefanya hivyo. Haifai. Mwanamke huyu alijua maana ya deni na ya duka lisilo na mnunuzi. Mwaka 1880 alilazimika kuiacha nyumba yake na kurudi utumishini, akawa msimamizi wa nyumba kubwa ya Uppark katika Sussex, alikokuwa mtumishi katika usichana wake. Kwa mtu kama yeye, kazi ya duka yenye hati ya uanagenzi, chakula na malazi ilikuwa ni ukuta wa kuegemea. Elimu isiyokuwa na kazi mwisho wake ilikuwa ni upepo.

Windsor hawakumtaka kijana kwa muda mrefu, kwa kuwa hesabu za sanduku la fedha hazikulingana na mawazo yake yalikuwa mbali. Akapelekwa Wookey katika Somerset kuwa mwalimu mwanafunzi kwa ndugu wa mbali. Baada ya miezi michache ndugu yule akapoteza kazi, na kijana akarudi kwa mama yake Uppark. Mapema mwaka 1881 akapatikana mtu mwingine wa kumpokea: Bwana Cowap, mwenye duka la dawa katika mji mdogo wa Midhurst, usio mbali na Uppark.

Hapa ndipo Kilatini kilipoingia katika maisha yake, nacho hakikuingia kwa heshima ya Virgil wala Cicero. Kiliingia kwa chupa. Sheria ya mwaka 1868 ilikataza mtu kujiita mtengeneza dawa au kuuza sumu kadha wa kadha pasipo kushinda mitihani ya Chama cha Watengeneza Dawa, na katika mtihani wa awali Kilatini kilikuwa pamoja na Kiingereza na hesabu. Sababu yake haikuwa majivuno matupu. Matabibu wa Uingereza waliandika maagizo yao kwa Kilatini kilichofupishwa: neno la kuamuru mtu achukue dawa, maneno ya kuonyesha mara ngapi kwa siku, kabla ya chakula au baada yake. Droo na mitungi ya duka zilikuwa na majina ya Kilatini kwa herufi za dhahabu. Mtu aliyesoma vibaya kifupisho kimoja aliweza kumwua mgonjwa. Basi kijana wa miaka 14, aliyesoma miaka sita katika chuo cha biashara, alijikuta hana neno hata moja la lugha iliyotakiwa na kazi aliyopewa, na ilikuwa lazima alitafute mahali pengine.

Bahati ilikuwa karibu. Midhurst palikuwa na shule ya sarufi iliyoanzishwa kwa wakfu wa Gilbert Hannam mwaka 1672. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1859, ikakaa kimya kwa miaka 20 na zaidi, ikafunguliwa tena mwaka 1880. Mwalimu wake mkuu mpya alikuwa Horace Byatt. Lau kijana angalifika Midhurst miaka miwili kabla yake, angalikuta jengo lisilo na mwalimu wala mwanafunzi. Ikapatanwa kwamba Byatt amfundishe Kilatini nje ya masomo ya kawaida ya shule.

Yaliyotukia katika masomo hayo yamesimuliwa na Wells mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1934. Byatt alikuwa amezoea watoto wa wakulima na wenye maduka waliokokotwa katika vitenzi kama punda wanaopandishwa mlima. Kijana huyu hakukokotwa. Kwa saa chache tu za mafunzo alikimeza sehemu kubwa ya kitabu cha kwanza cha Principia cha William Smith, kilichokuwa kitabu cha kawaida cha wanaoanza. Mwalimu alishangaa, mwanafunzi naye alishangaa, ila kwa sababu nyingine. Kwa mara ya kwanza aliona kuwa lugha ina mifupa. Kiingereza alikisema tangu utoto pasipo kukitazama. Kilatini, chenye viambishi vinavyobadilika mwisho wa kila neno kuonyesha nani ametenda na nani ametendwa, kilimfunulia kwamba sentensi ni kitu kilichojengwa, na kwamba mtu anaweza kukifungua na kukifunga tena. Msemaji wa Kiswahili huenda atatabasamu hapa, kwa kuwa viambishi vya lugha yake hukaa mwanzo wa neno na huyaoanisha maneno ya sentensi nzima tangu jina hadi kitenzi. Yeye huizaliwa nayo mifupa hiyo, ingawa si kila mtu huitazama.

Masomo hayakudumu. Kijana mwenyewe ndiye aliyeuliza gharama za kufikia cheti cha utengenezaji dawa: ada, mitihani, miaka ya kungoja. Alipoijumlisha hesabu, kwa ustadi aliopewa na Morley, aliona kuwa mama yake hawezi kuilipa, akamwambia hivyo. Duka la Cowap likaachwa baada ya muda upatao mwezi mmoja. Kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kumweka, alilala kwa Byatt na kusoma shuleni kwa majuma machache, mpaka mama alipopata alichokitaka tangu mwanzo. Mwezi wa Mei 1881 kijana alitiwa katika duka la nguo la Hyde pale Southsea, kwa hati ya uanagenzi wa miaka minne na ada ya pauni 50.

Miaka miwili iliyofuata ndiyo kipimo cha mambo yaliyotangulia. Kazi ilianza asubuhi na mapema kwa kufagia na kufuta vumbi, ikaendelea kwa saa 13 au karibu yake. Usiku wanagenzi walilala pamoja katika bweni. Wengi waliivumilia. Kijana aliyeonja saa chache za Kilatini hakuweza, na si kwa sababu Kilatini kina uchawi. Ni kwa sababu alikwisha kupata ushahidi, mbele ya mtu mwenye elimu, kwamba akili yake inafanya kazi kwa kasi kuliko ya wengine. Ushahidi wa namna hiyo, mtu akiisha kuupata, ni vigumu kuukunja na kuuweka pamoja na vitambaa. Siku moja ya Jumapili katika mwaka 1883 alitoka Southsea bila ruhusa, akatembea maili 17 kwa miguu mpaka Uppark, akamkuta mama yake anatoka kanisani na watumishi wengine, akamwambia kuwa harudi tena dukani. Yakasemwa maneno mazito, hata ya kutishia kujiua. Mama alilia. Sehemu kubwa ya zile pauni 50 ilikwisha kulipwa, nayo haikuweza kurudi.

Kabla ya hapo kijana alikuwa amemwandikia Byatt kumwuliza kama angemkubali kuwa mwalimu msaidizi. Byatt hakumsahau mwanafunzi wa zile saa chache. Alimjibu kwa kumkubali, tena kwa mshahara, ingawa mdogo. Mama akakubali kwa shida, na hati ya Southsea ikavunjwa. Lakini wakfu wa mwaka 1672 ulikuwa bado na neno lake: mwalimu wa shule ile alipaswa kuwa Mkristo kamili wa Kanisa la Uingereza, na Wells, ambaye imani yake ilikuwa imekwisha kumponyoka, ilimbidi kukubali kuwekewa mikono ya kipaimara ili apate kazi. Jambo hilo lilimchoma kwa muda mrefu. Milango ya Uingereza ya siku zile ilikuwa na bawabu zaidi ya mmoja.

Isidhaniwe kwamba Byatt alitenda yote kwa ukarimu mtupu. Serikali, kwa njia ya Idara ya Sayansi na Sanaa, iliwalipa walimu kwa kadiri wanafunzi wao wa madarasa ya jioni walivyoshinda mitihani. Msomaji mwenye kasi alikuwa mali. Byatt akaandikisha madarasa ya jioni katika masomo mengi ya sayansi ambayo mwenyewe hakuyajua sana, akamkalisha Wells na vitabu vya kiada, na wakati kijana alipokuwa akisoma, mwalimu alikuwa akiandika barua zake. Mitihani ilipofika kijana akashinda mingi, na Byatt akapata fedha yake. Lakini matokeo yale yaliangukia pia macho ya waliokuwa wakitafuta vijana wa kusomeshwa ualimu wa sayansi, na mwaka 1884 Wells akapewa nafasi ya bure katika Shule ya Sayansi ya South Kensington, na posho ya gini moja, yaani shilingi 21, kwa juma. Mwalimu wake wa kwanza wa elimu ya viumbe huko alikuwa Thomas Huxley. Mwalimu wa Midhurst alipoteza msaidizi wake kwa ustadi wake mwenyewe wa kuchuma ruzuku.

Hivyo Kilatini, kilichotafutwa kwa ajili ya duka la dawa, hakikumfikisha katika duka la dawa, wala hakikumfikisha Oxford. Kilimfikisha kwa mwalimu. Wells aliyarudia mambo haya katika riwaya ya Tono-Bungay ya mwaka 1909, ambamo kijana George Ponderevo huishi katika duka la dawa la mjomba wake katika mji unaofanana sana na Midhurst, na Kilatini kimo katika masomo yake. Wells mwenyewe alipokuwa mtu mzima alikuwa adui wa shule zilizotanguliza lugha za kale na kuidharau sayansi. Kitabu chake cha mwaka 1924 juu ya F. W. Sanderson, mwalimu mkuu wa Oundle, ni sifa ya shule iliyotanguliza karakana na maabara. Wako waliomwita mtu asiye na shukrani. Hukumu hiyo si ya haki. Mtu anaweza kushukuru kwa ufunguo na bado akauliza kwa nini mlango ulifungwa.

Wala kisa chake hakikuwa cha peke yake. Wasichana ndio waliokutana na ukuta huu zaidi ya wote, kwa kuwa shule za sarufi hazikuwa zao hata walipokuwa na fedha. Mary Ann Evans, aliyeandika kwa jina la George Eliot, aliacha shule akiwa na miaka 16 amtunzie baba yake nyumba. Baadaye, karibu na Coventry, alipata masomo ya Kilatini na Kiyunani kwa Mchungaji Thomas Sheepshanks, mwalimu mkuu wa shule ya sarufi ya wavulana ya mji huo, na mwaka 1856 alikuwa amekwisha kutafsiri kitabu cha Spinoza juu ya maadili kutoka Kilatini. Tafsiri hiyo haikupigwa chapa mpaka mwaka 1981. Kwa wasio na mwalimu jirani, njia ilipatikana kwa posta: mwaka 1887 William Briggs alianzisha chuo cha kufundisha kwa barua kilichowatayarisha watu kwa mitihani ya Chuo Kikuu cha London, ambayo nayo ilitaka Kilatini. Wells aliajiriwa na chuo hicho baada ya masomo yake, kufundisha elimu ya viumbe.

Kuna upande mmoja wa habari hizi unaoifikia Tanganyika. Mwalimu wa Midhurst alikuwa na mtoto wa kiume, Horace Archer Byatt, aliyezaliwa mwaka 1875. Wakati kijana wa duka la dawa alipokuja kusoma Principia, mtoto huyu alikuwa na miaka mitano. Yeye hakuhitaji kutafuta Kilatini, kilikuwa nyumbani. Akaenda Lincoln College, Oxford, akaingia katika utumishi wa makoloni, na tangu mwaka 1916 akawa msimamizi wa nchi iliyotwaliwa kwa Wajerumani, kisha gavana wa kwanza wa Tanganyika mwaka 1920. Chini ya utawala wake idara ya elimu ilianzishwa mwaka huo huo, na Kiswahili kikaendelea kuwa lugha ya shule za chini kama kilivyokuwa zamani za Wajerumani. Kilatini nacho kilikuwapo katika nchi ile ile, ila si katika shule za serikali. Kilikuwa katika seminari za Kikatoliki, kama ya Rubya katika Bukoba, ambako mapadre wa kwanza Waafrika wa nchi hiyo walipewa daraja mwaka 1917, katikati ya vita. Mvulana wa Buhaya aliyetaka Kilatini hakuwa na njia nyingine, na njia hiyo ilikuwa na sharti lake zito kuliko kipaimara cha Wells: iliandaliwa kwa watakaokuwa mapadre.

Bawabu wa Oxford na Cambridge hatimaye aliondolewa. Kiyunani cha lazima kilikoma katika vyuo hivyo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Kilatini cha lazima mwaka 1960. Watu wengi walidhani kwamba, mlango ukiisha kuwa wazi, hakuna kijana atakayetafuta tena ufunguo wake. Haikuwa hivyo. Mwaka 2021 serikali ya Uingereza ilitaja hesabu kwamba Kilatini kilifundishwa kwa watoto wa miaka 11 hadi 14 katika asilimia 2.7 tu ya shule za serikali, lakini katika asilimia 49 ya shule za kulipia. Ikatoa pauni milioni 4 kwa mpango wa kukifundisha katika shule za serikali zipatazo 40, na masomo yakaanza mwaka 2022. Mwezi wa Desemba 2024 serikali iliyoingia baadaye ilitangaza kuwa fedha hiyo itakoma mwezi wa Februari 2025, katikati ya mwaka wa shule. Walimu waliomba angalau muda mpaka wanafunzi waliokwisha kuanza wafanye mitihani yao. Fedha ikakoma, na vijana wa miaka 14 na 15, umri ule ule wa mwanagenzi wa Midhurst, wakakabiliwa na swali la nani atakayewamalizia kitabu walichokifikisha nusu.